Maisha ya Mzee Kibao, Mwana wa Karani wa Ratiba

Tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1947, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya stesheni, chumba cha mwisho upande wa karakana. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba yake alikuwa karani wa ratiba, mtu aliyeandika kwa chaki kwenye ubao mweusi treni ipi inaingia, ipi imechelewa, na itafika lini. Mama yake alikuwa mshonaji. Dada yake alimtangulia kwa miaka sita na ndiye aliyembeba mgongoni, jambo ambalo hakuacha kumkumbusha hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi. "Mgongo huu unaoniuma," alikuwa akimwambia, "una jina lako."

Treni ya mizigo ilipopita nyuma ya nyumba zile, vikombe viligongana kabatini. Marehemu alizoea hivyo, hata alipohamia mtaa mwingine ukubwani alilalamika kwamba kimya kinamkosesha usingizi. Kusoma alijifunzia kwenye ubao wa baba yake kabla hajapelekwa shule. Neno la kwanza aliloandika mwenyewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jirani, lilikuwa "imechelewa". Jirani hakufurahi. Baba yake alikwenda kuusugua ukuta ule kwa brashi na maji, na aliporudi alimwambia mtoto kwamba herufi zake zilikuwa nzuri, ila angechagua ukuta mwingine.

Kuna jambo moja ambalo marehemu alilitaka maisha yake yote, na haiwezekani kuyasimulia maisha hayo kwa kuliruka. Alitaka baba yake ainuliwe kutoka kwenye mito aliyolazwa.

Mwezi Agosti 1952 alifika mjini Profesa kutoka ng'ambo. Alikuwa akiandika kitabu kuhusu watu wa Mashariki, yaani sisi. Marehemu alipenda kuuliza ni mashariki ya nani, maana yeye akifungua mlango wake, mashariki alimwona jirani yake fundi saa, na zaidi ya huyo hakumwona mtu wa ajabu. Profesa alikuwa amejifunza lugha yetu vitabuni na aliizungumza kama mtu anayesoma tangazo. Pamoja na kitabu, serikali ya wakati ule ilimpa kazi ya kupanga jumba la makumbusho, na humo alitaka kuweka sanamu zenye sura za watu halisi. Alikwenda sokoni, watu wakakataa. Akaja stesheni. Mkuu wa stesheni alimchagua karani wa ratiba kwa sababu moja tu, kwamba ndiye pekee pale aliyeweza kukaa bila kutikisika.

Kazi ilifanyika wakati wa mapumziko ya mchana, ndani ya chumba cha vifurushi. Dada yake marehemu, akiwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa amempelekea baba chakula, naye akapewa kazi ya kushika mirija miwili puani mwa baba ili apate kupumua. Ndiye aliyetusimulia. Walimpaka baba mafuta usoni, kisha Profesa akamwambia, "Fumba macho. Usiseme. Usicheke." Halafu wakammwagia plasta. Plasta ikianza kuganda hutoa joto, na dada alisema aliiona shingo ya baba ikitoa jasho, lakini hakusogea. Kabla plasta haijakauka vizuri filimbi ya treni ya mchana ikasikika. Profesa akasema, "Bado, bado!" Baba akasubiri mpaka ganda lilipotoka, akainuka, akaenda kuandika kwenye ubao, masikio yote mawili meupe. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri treni alimwuliza mwenzake, "Huyu naye amepikwa na nani?" Abiria wakacheka. Baba naye akacheka.

Siku iliyofuata walichukua mikono yake. Waliichukua ikiwa imeshika chaki, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuishika hewani.

Jumba lilifunguliwa Januari 1953. Karani alivaa koti, akampeleka mkewe na watoto wake wawili kwenda kujiona. Alikuwa ameambiwa atakuwa mfano wa watu wa hapa, na alidhani atakuwa amesimama. Walimkuta katika chumba cha pili kushoto, ghorofa ya chini. Alikuwa amelala ubavu juu ya mito mikubwa ya rangi, amevishwa joho asilolijua. Ile chaki ilikuwa imeondolewa vidoleni na mahali pake pamepachikwa kiko kirefu, ingawa hakuwahi kuvuta hata sigara. Moshi ulimpa chafya. Macho yalikuwa yamefumba, kama yalivyotoka kwenye plasta. Mbele yake ilipita kamba ya kuzuia watu, na chini yake kilikuwepo kibao: Mwanamume wa Mashariki katika Hali Yake ya Kawaida.

"Mbona wamenilaza?" alimwuliza mlinzi.

"Mzee, usiiguse kamba," mlinzi akajibu.

"Sijaigusa. Nauliza."

"Na mimi nakujibu. Usiiguse."

Kitabu cha Profesa kilitoka mwaka uliofuata. Kilieleza kwamba kope za watu wa Mashariki ni nzito kwa maumbile, kwamba mtu huyo hana habari na saa, na kwamba msomaji mwenye shaka anaweza kwenda kuitazama sanamu iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye uso wa mtu hai, ambayo haikuongezwa wala kupunguzwa kitu. Kitabu hicho kilisomwa mbali sana. Waliokuja baada yake walikinukuu, na waliokuja baada ya hao waliwanukuu wale waliokinukuu. Pale stesheni wenzake walimwita karani "Mlalaji". Kila treni ilipoingia lazima mmoja apige kelele, "Mlalaji, amka, imefika!" Alikuwa ameshaiandika ubaoni.

Karani alifariki kwa nimonia tarehe 2 Julai 1956. Marehemu alikuwa na miaka tisa. Familia haikuwa na picha yake hata moja. Mama alifikiri, kisha siku ya kumbukumbu ya mwaka wa kwanza akawavisha watoto nguo safi na kuwapeleka makumbusho. Waliposimama mbele ya kamba aliwaambia, "Mwamkieni baba yenu." Wakamwamkia. "Shikamoo, baba." Mlinzi alidhani ni watu wasio na akili timamu, akataka kuwatoa, lakini mama alimtazama tu na mlinzi akaenda kusimama chumba cha tatu. Tangu hapo familia hii imekwenda kila mwaka. Wakwe wameletwa pale kutambulishwa. Watoto wachanga wameinuliwa juu ya kamba ili babu awaone, kama mtu mwenye macho yaliyofumba anaweza kuona, na hakuna aliyelicheka neno hilo.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1954, kisha sekondari ya wavulana, ambako alikuwa wa kwanza darasani isipokuwa katika michezo, ambako alikuwa wa mwisho bila kujitetea. Mwaka 1968 aliingia chuo kikuu kusoma historia. Bendera ilikuwa imeshabadilika. Wahadhiri wawili watatu walikuwa watu wa hapa hapa, wamevaa tai, wanacheka kama sisi. Katika mtihani wa mwaka wa pili swali lilikuwa hili: Jadili mchango wa uzembe wa asili katika kudumaa kwa jamii za Mashariki. Kitabu cha kutumia kilikuwa kile kile cha Profesa, chenye picha ya sanamu ukurasa wa kwanza baada ya jalada. Marehemu aliketi akaitazama kalamu. Kisha aliandika alichotakiwa kuandika, kwa mpangilio mzuri, na alipata alama ya juu kuliko wote.

Dada yake alipoambiwa hakupandisha sauti. "Kwa hiyo umemwandika baba mvivu."

"Dada, ningeandika ninachokijua ningerudia mwaka."

"Mimi ndiye niliyeshika mirija. Mbona hawakuniuliza mimi?"

"Hawamwulizi mtu. Wanauliza kitabu."

"Basi kaandike na wewe kitabu."

Hakuandika kitabu. Alipomaliza chuo mwaka 1971 aliachwa achague kati ya wizara na jumba la makumbusho. Wenzake wote walikwenda wizarani. Yeye alikwenda makumbusho kuandika vibao vya maelezo, na hapo ndipo alipopata jina ambalo wengi wenu mnamjua nalo, Kibao. Watu wasiomfahamu walidhani ni mgomvi anayezaba watu makofi. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni na rula.

Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na tano, na aliijua. Aliamini kibao kinatakiwa kumwambia mtu kitu hiki ni nini, kilitumiwa na nani na kwa kazi gani, kisha kinyamaze. Kwa chungu aliandika ni chungu cha kupikia na kwamba masizi yaliyoko chini yake ni ya mpishi mwenyewe. Vibao vya Profesa alivibadilisha kimoja kimoja, mwaka baada ya mwaka, chumba baada ya chumba, na kila kimoja kilipita kwenye kamati. Ngoma iliyokuwa imeandikwa "kifaa cha kuamshia hisia kali" akaiandika kuwa ngoma, pamoja na kazi ya mtu aliyeipiga. Kamati ilipitisha hicho baada ya mjadala mrefu kuhusu neno "ngoma" kama lina uzito wa kutosha.

Kibao cha chumba cha pili hakikupita. Alikiomba mwaka 1974, akaambiwa kitabu cha Profesa ndicho msingi wa jumba zima, na msingi hauchimbwi wakati watu wako ndani. Alikiomba tena mwaka 1988, akaambiwa watalii hukipenda chumba kile kuliko vyote na hununua kadi ya posta yenye sanamu. Mwaka 1999 mkurugenzi wa wakati huo alimkalisha kitini akamwambia, "Bwana Kibao, tuseme kweli. Hii si kazi, hii ni mambo ya kwenu."

"Ni mambo ya kwetu, ndiyo," marehemu akajibu. "Nyinyi ndio mmeyaweka hapa."

Hakupata adhabu kwa jibu hilo. Hakupata kitu kingine pia. Kila asubuhi alipita chumba cha pili akielekea ofisini, akasema shikamoo, akaendelea na kazi. Aliyekuwa naye ofisi moja anasema hakuwahi kumwona akitokwa na machozi wala akikunja uso. Alisema shikamoo kwa sauti ile ile anayoitumia mtu kumwamkia mzazi aliye jikoni.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na binti aliyekuwa mpiga taipu katika ofisi ya bandari. Kabla ya kumposa alimpeleka makumbusho bila kumweleza kitu. Walipofika kwenye kamba akasema, "Huyu ni baba yangu." Yule binti akaitazama sanamu, akamtazama yeye, akapiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo, baba." Halafu akamgeukia. "Kwenu hulala na kiko mkononi? Mtaunguza nyumba." Marehemu alituambia kwamba hapo hapo aliyajua mengine yote. Waliishi pamoja miaka arobaini na minane. Mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba mumewe ana wake wawili, yeye na kamati, na kwamba mke mwenzake ndiye anayeandaliwa chai nzuri zaidi.

Walijaliwa watoto watatu. Mwaka 1984 binti yao wa kwanza, akiwa darasa la tatu, alirudi nyumbani na daftari la maarifa ya jamii. Kitabu cha shule kilikuwa na mchoro wa sanamu ile, na mwalimu alikuwa ameuliza mtu wa kale wa Mashariki alipenda nini. Mtoto alikuwa ameandika "kulala", akauchora mchoro wenyewe, mito na yote, na kando yake kulikuwa na alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

"Baba, ona! Ni babu," mtoto akasema. "Nimempatia vema."

"Nani alikwambia anapenda kulala?"

"Kitabu. Na mimi si nimemwona? Kila mwaka tunamkuta amelala."

Marehemu aliuangalia mchoro kwa muda, akasema mikono ameichora vizuri, akatia sahihi ya mzazi mahali pake. Kisha akala chakula chake. Binti huyo sasa ni mtu mzima, na amekubali jambo hili lisomwe leo.

Alistaafu Machi 2007. Kamati ilimpa saa ya ukutani. Aliitundika sebuleni na kuirekebisha kila Jumapili, kwa sababu ilikuwa ikichelewa.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Alikwenda kusafishwa damu katika hospitali ya mkoa, wodi ya ghorofa ya pili, na muuguzi mmoja alimpenda kwa kuwa aliandika upya matangazo yote ya ukutani kwa herufi zinazosomeka. Alikuwa katika hali hiyo Oktoba 2023 alipopigiwa simu na mkurugenzi mpya wa jumba, mwanamke aliyekuwa amejifunza kazi mikononi mwake. Jumba lilikuwa linakarabatiwa. Chumba cha Mashariki kilikuwa kinavunjwa.

"Mzee wangu," mkurugenzi alisema, "sanamu zote zinapelekwa stoo. Hii moja siwezi kuigusa kabla hujaja."

Alikwenda na binti yake, akiegemea fimbo. Wafanyakazi wawili waliondoa kamba, kiko na mito. Halafu wakavua joho. Chini ya joho hapakuwa na mtu. Palikuwa na waya, vipande vya mbao za masanduku na magunia yaliyojazwa vumbi la mbao. Vya baba yake vilikuwa uso na mikono miwili tu. Mwili wote uliolala miaka sabini ulikuwa wa Profesa.

"Basi ni rahisi," alisema marehemu. Akaomba kiti.

Fundi seremala wa jumba alimtengenezea karani kiwiliwili cha mbao, kilichoketi nyuma ya meza, na akavikwa koti la reli lililoshonwa upya. Mkono wa kulia ukarudishiwa chaki, ikaingia vidoleni bila kulazimishwa. Yalibaki macho. Mchongaji aliyeletwa alisema kwa heshima kwamba angeweza kuyafungua. Kazi ya asubuhi moja tu. Alihitaji kuambiwa yalikuwaje: makubwa au madogo, yaliyoinama au yaliyonyooka. Kila mtu akamgeukia marehemu.

Marehemu hakuyakumbuka. Alitafuta, na kila alipomtafuta baba yake alikuta plasta. Alimkuta baba mbele ya ubao wa ratiba, amefumba macho. Baba anasugua ukuta wa jirani, amefumba macho. Alimwomba mchongaji amsubiri, akapelekwa moja kwa moja kwa dada yake.

Dada alikuwa anakunja nguo zilizoanuliwa.

"Dada, macho ya baba yalikuwaje?"

"Yalikuwa macho ya baba. Swali gani hilo?"

"Makubwa? Meusi? Ya kahawia?"

Dada akaendelea kukunja shuka. Alikunja, akakunjua, akakunja tena. "Wewe je?"

"Mimi sina."

"Huna hata kidogo?"

"Ninayo yale ya makumbusho."

Dada akakaa kwenye kitanda, shuka mapajani. Akasema, "Alinikonyeza. Profesa aliposema fumba macho, kabla hajafumba, alinikonyeza. Jicho la kushoto. Nikataka kucheka na mirija ikataka kunitoka."

"Lilikuwa la rangi gani?"

"Sijui rangi, mdogo wangu. Nakumbuka kukonyeza."

"Kwa hiyo tuna jicho moja, nalo limefumba."

"Ndiyo hilo tulilo nalo." Dada akacheka, na hakucheka sana. "Sikia. Usimruhusu yule kijana amtie kisu. Akimfungua macho ya kubuni atakuwa mtu mwingine, na mimi huyo mwingine sitamwamkia. Tumeshapewa baba wa kubuni mara moja."

"Lakini yakibaki hivi watasema tena ni mlalaji."

"Si wewe ndiye Kibao? Waambie kwa nini alifumba."

Ndicho alichofanya. Alikiandika nyumbani, mezani, kwa penseli, siku ambazo hakwenda hospitali. Kilisema hivi:

Karani wa ratiba, stesheni ya reli. Uso huu na mikono hii vilichukuliwa kwa plasta mwaka 1952, mwenyewe akiwa hai, wakati wa mapumziko yake ya mchana. Amefumba macho kwa sababu aliambiwa afumbe, plasta isimwingie. Baada ya hapo alirudi kazini.

Kamati ilikaa Februari. Wajumbe walikuwa wapya, vijana wenye nia njema, na walikisifu. Mkurugenzi alikwenda mwenyewe kumpelekea majibu, akamkuta amelazwa.

"Mzee wangu, kimepita. Ila kamati inaona sentensi ya mwisho haihitajiki. Wanasema haina taarifa ya kihistoria."

Marehemu alikuwa na mrija mkononi na hakuweza kugeuka vizuri. "Wanataka kutoa ipi?"

"'Baba ya hapo alirudi kazini.' Samahani, 'Baada ya hapo.'"

"Basi watoe zingine zote," alisema. "Hiyo waiache."

Mkurugenzi alirudi nayo kwenye kamati Machi, kisha Aprili. Marehemu aliacha kuuliza habari nyingine. Mtu akija kumwona, baada ya salamu neno lake lilikuwa, "Wamekaa?" Mkewe akawa anawajibia wageni mlangoni kabisa, "Bado hawajakaa, ingieni."

Walikaa tarehe 7 Mei 2024 na kukipitisha kizima. Kibao kilipigiliwa Jumatatu, tarehe 13, siku ambayo jumba hufungwa. Marehemu hakuwa na nguvu za kupelekwa. Binti yake alikwenda, akakipiga picha kwa simu, akarudi wodini na kumshikia simu mbele ya uso. Marehemu alikisoma polepole, midomo ikisogea. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena. Watu wote waliokuwepo walisubiri aseme kitu.

"Wamekiweka juu mno," alisema. "Watoto hawatafika."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri. Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, asubuhi, mkewe na dada yake wakiwa kando yake. Alikuwa na miaka sabini na saba. Dada ndiye aliyemfumba macho. Alipoulizwa baadaye na wajukuu, aliwaambia macho ya mdogo wake huyu, babu yao, yalikuwa ya kahawia, la kulia dogo kidogo kuliko la kushoto, na akawataka waliandike hilo.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu sita na dada yake aliyeketi hapa mstari wa mbele. Familia inawashukuru wauguzi wa ghorofa ya pili, majirani, na wafanyakazi wa jumba la makumbusho, ambao jana Ijumaa walileta ngazi na bisibisi, wakakishusha kibao hadi usawa wa kifua cha mtoto wa darasa la tatu.

Tunamkabidhi kwa Mwenyezi Mungu, na utulivu uwe wake.